Mgonjwa Anayepona Mbele ya Tabibu

Katika magonjwa yote ya mashine, hakuna linalomsumbua mwenye mali kama lile linalokuja na kuondoka. Mashine iliyokufa kabisa haina hila: haiwaki, na fundi huifungua akatafuta kilichovunjika. Lakini ile inayokwenda vizuri asubuhi, ikakohoa adhuhuri, kisha ikatengemaa mara tu ifikapo mbele ya fundi, hiyo humla mtu fedha zake kidogo kidogo, na pengine humwacha mahali pasipo msaada. Mafundi wa mijini husema injini ya namna hiyo "inamisi". Watu wa pwani husema inakatakata, au inakohoa. Maana ni moja: silinda mojawapo imekosa kuwasha mafuta yake ilipofika zamu yake, na nguvu ya injini imepungua kwa kiasi hicho.

Juma hili maelezo yatafuata mfano wa mashine inayofungwa nyuma ya mashua, kwa kuwa ni baharini ambako kosa la kubahatisha huadhibiwa upesi zaidi. Wenye magari na pikipiki wasifunge ukurasa. Njia ya kumtafuta mkosa ni ile ile, na mwishoni wamewekewa fungu lao.

KOYAMA NA VYOMBO VYAKE

Koyama ni kimojawapo cha Visiwa vya Wabajuni, mlolongo wa visiwa vidogo unaofuata pwani ya Somalia kutoka kusini ya Kisimayu kuelekea Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake ni wavuvi na mabaharia tangu enzi za mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, vikaendeshwa kwa tanga la mkeka. Koyama si mahali pa magari. Gunia la unga, sukari, petroli, bibi harusi na mgonjwa, wote hupita baharini. Kwa hiyo mashua yenye mashine ndiyo lori la kisiwa, na ikibidi ndiyo gari la wagonjwa.

Zamani nahodha alitegemea tanga peke yake. Tanga lina upungufu wake, lakini ugonjwa wake huonekana: likichanika, hata mtoto aliye ufukoni huona. Mashine ya petroli ilileta haraka, ikaleta pia ugonjwa uliojificha chini ya kifuniko. Mmarekani Ole Evinrude alianza kuuza mashine zake za mashua mwaka 1909, na tangu hapo kazi yake imebaki ile ile: kuchanganya petroli na hewa, kuubana mchanganyiko huo ndani ya silinda, na kuuwasha kwa cheche ya umeme kwa wakati wake hasa.

Wakati huo ni mfupi kupita anavyodhani mtu. Katika mashine ya mipigo miwili, kila silinda huhitaji cheche moja kwa kila mzunguko. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, silinda moja huhitaji cheche 83 kwa kila sekunde. Cheche yenyewe hurukia mwanya mdogo wa plagi kwa msukumo wa umeme unaopita volti 10,000, ilhali umeme wa taa za nyumbani katika Afrika Mashariki ni wa volti 220 hadi 240. Umeme mkali kiasi hicho hutafuta njia ya kutoroka popote penye ufa, unyevu au chumvi. Ndiyo sababu mashine inaweza kukosa cheche chache, ikakohoa, kisha ikaendelea kana kwamba hapakuwa na lolote.

NAHODHA NA MPWA WAKE

Na achukuliwe, kwa mfano, nahodha mmoja wa Koyama, mtu wa makamo, mwenye mashua na mashine ya silinda mbili. Kwa muda wa miezi miwili mashine yake ilikuwa ikikohoa kila alipokwenda Kisimayu. Alinunua plagi mpya, ikakohoa. Akanunua plagi nyingine, akidhani zile za kwanza zilikuwa mbovu, ikakohoa. Akafungua kabureta, akaisafisha, akabadili mpira wa mafuta. Safari moja ilikwenda salama, akamshukuru Mungu. Safari iliyofuata ikakohoa tena, pale pale palipo na mawimbi. Muuza vipuri akamshauri anunue koili mbili mpya.

Fedha za koili alikuwa nazo, lakini zilikuwa na kazi nyingine. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, na mkunga alikwisha kusema kwamba mtoto amekaa vibaya, kwa hiyo hapana budi mama apelekwe hospitali ya mjini kabla ya siku zake. Nahodha akabanwa pande zote mbili. Akinunua koili, fedha za hospitali zitapungua. Asiponunua, mashine inaweza kuzimika njiani, na ndani ya chombo yumo binti yake.

Siku hizo mpwa wake, askari aliye fundi wa magari, alikuwa amekuja kisiwani kwa likizo. Jioni, baada ya sala ya magharibi, nahodha alimweleza habari yote.

"Mwanangu, mimi nimechoka na chombo hiki. Kesho nitakwenda kununua hizo koili, yaishe."

"Mjomba, usinunue kitu bado," kijana akajibu kwa adabu. "Kwanza niambie, yaanza kukohoa wakati gani?"

"Ikishapata moto. Nikitoka hapa, huenda vizuri kama nusu saa, kisha huanza."

"Yafifia polepole, au yakata ghafla?"

"Ghafla, kama mtu aliyekatwa maneno. Kisha hurudi, kisha hukata tena."

Kijana akaomba daftari na kalamu, akaandika. Msomaji aangalie vizuri jambo hili. Fundi hakushika spana. Alianza kwa kuuliza, kwa maana ugonjwa unaokuja na kuondoka haukamatwi kwa kufungua vitu. Hukamatwa kwa kujua nyakati zake. Na swali lake la pili lilikuwa na shabaha. Mara nyingi upungufu wa mafuta huja polepole: mashine hulegea na sauti hushuka, kama kandili iliyoishiwa mafuta. Upungufu wa cheche hukata mara moja, na hurudi mara moja. Kanuni hii haina yakini kamili, lakini humwonyesha mtu aanzie upande gani.

Mke wa nahodha, aliyekuwa akipakua chakula, alisikia mazungumzo hayo, akasema:

"Mwanangu, mimi si fundi. Lakini mashine hii hii ikitupeleka mikokoni kukata kuni, huenda hata saa nzima, na haikohoi. Hukohoa ikienda Kisimayu tu."

Nahodha akacheka. "Basi mashine yaijua njia ya Kisimayu?"

Kijana hakucheka. Akasema, "Ahsante, mama," akaandika maneno hayo pia, akayapigia mstari.

DAFTARI LIKASEMA

Asubuhi wakaanza kupima. Siku ya kwanza walikwenda upande wa bara, kwenye maji yaliyokingwa na kisiwa, ambako bahari hutulia. Mashine ikaendeshwa kwa kasi ya safari muda wa saa nzima. Ilipata moto wake wote, na haikukohoa hata mara moja. Hapo maneno ya nahodha, kwamba ugonjwa waanza mashine "ikishapata moto", yakawa yamekanushwa. Nusu saa aliyoihesabu ilikuwa ya kweli, ila maana yake ilikuwa nyingine: ndiyo muda wa mashua kutoka kijijini mpaka pale mwamba unapokatika na mawimbi ya bahari kuu kuingia. Mashine haikuwa ikikohoa kwa sababu ya joto. Ilikuwa ikikohoa kwa sababu ya kutikiswa. Mama aliyekwenda kukata kuni alikuwa ameona jambo ambalo mwenye mashine hakuliona, kwa kuwa yeye alilinganisha safari mbili, na mumewe aliikumbuka moja.

Siku ya pili walichagua maji matulivu kuliko siku nyingine, wakachukua tanga, makasia, nanga yenye kamba ndefu na watu wawili wa kusaidia, wakatoka mpaka penye mawimbi, mbali na mwamba. Haikupita robo saa, mashine ikaanza kukatakata. Kijana akafanya mambo matatu kwa utaratibu.

Kwanza, alibana kile kipira cha mkono kinachosukuma mafuta kutoka kwenye tangi. Kama mashine ingepata nguvu, ingekuwa dalili kwamba mafuta hayafiki ya kutosha. Haikubadilika. Pili, alilegeza skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi, maana tangi lisipoingiza hewa, mafuta hukataa kutoka. Haikubadilika. Mafuta yakaachiwa huru kwa wakati huo.

Tatu, mashine ikiwa bado inakohoa, aliizima pale pale, bila kuipunguza kasi kwanza, wenziwe wakatweka tanga ili chombo kisichukuliwe na mkondo. Alikuwa na sababu. Plagi huandika habari za silinda yake, lakini mashine ikiachwa kwenda taratibu dakika chache, maandishi hayo hufutika. Akafungua plagi zote mbili. Ya juu ilikuwa kavu, yenye rangi ya kahawia, ishara ya silinda inayochoma vizuri. Ya chini ilikuwa imelowa petroli na imepiga weusi. Mafuta yalikuwa yakifika katika silinda ile, ila hayakuwashwa. Mgonjwa akawa amejulikana: ni silinda ya chini, na kinachokosekana ni cheche.

KUHAMISHA MSHUKIWA

Hapa ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote, ambalo halihitaji chombo cha kupimia wala fedha. Mashine yenye silinda mbili ina vifaa viwili viwili vya namna moja. Kwa hiyo kifaa kinachoshukiwa chaweza kuhamishwa kikawekwa mahali pa mwenzake. Ugonjwa ukihama pamoja na kifaa, kifaa hicho ndicho mkosa. Ukibaki mahali pake, kifaa hakina hatia, na hakuna haja ya kununua kingine.

Kijana alibadilishana plagi, ya juu ikaenda chini na ya chini ikaenda juu, baada ya kukaushwa. Wakaendesha tena penye mawimbi. Silinda ya chini ikawa ndiyo iliyokohoa tena. Plagi hazina hatia, na zile fedha za plagi mpya mara mbili zilikuwa zimepotea bure.

Waliporudi ufukoni akabadilishana koili, huku akiandika daftarini kila waya ulikotoka na ulikokwenda. Siku ya tatu wakatoka. Silinda ya chini ikakohoa kama jana. Nahodha akatazama plagi iliyolowa, akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Maana yake koili ni nzima?"

"Ni nzima zote mbili, mjomba. Ungezinunua, ungerudi nyumbani na ugonjwa wako ule ule."

Kama plagi ni nzima na koili ni nzima, kinachobaki ni njia inayoleta umeme kwenye koili ya chini. Jioni, giza lilipoanza kuingia, mashua ikiwa imetia nanga kwenye maji ya utulivu, mashine iliwashwa ikaachwa iende taratibu. Kijana akatwaa kijiti kikavu cha mti, akawa akisukuma waya mmoja mmoja, polepole, asirukie mwingine kabla ya kumaliza wa kwanza. Alipofika kwenye waya unaokwenda kwa koili ya chini, mashine ikakohoa. Akauachia, ikatengemaa. Akausukuma tena, ikakohoa. Mgonjwa aliyekuwa akipona kila alipofikishwa mbele ya tabibu akawa ameshikwa mkono.

Mashine ilipozimwa na waya kuchunguzwa, ilionekana kwamba mahali unapopita kando ya kibano cha chuma ganda lake lilikuwa limelika kwa kusuguliwa. Shaba ya ndani ilikuwa imepata kutu ya kijani kwa maji ya chumvi. Mawimbi yalipoitikisa mashine, shaba iligusa chuma, na umeme uliokusudiwa koili ukapotelea katika mwili wa mashine. Bahari ilipotulia, waya ulirudi mahali pake, na hakuna aliyeona kitu. Ndiyo maana mashine haikukohoa kamwe ilipowashwa ufukoni mbele ya mafundi.

Tiba yake ilikuwa nyepesi. Sehemu iliyooza ilikatwa mpaka ikaonekana shaba safi yenye kung'aa, kikaungwa kipande kipya kwa kiungo kilichobanwa imara, kikafunikwa, kikazungushiwa utepe wa umeme, kisha waya ukafungwa mbali na kile kibano ili usisuguliwe tena. Viungo vingine vya waya vikasafishwa na kupakwa grisi kidogo kuzuia chumvi. Gharama yote haikufikia bei ya plagi moja.

Hata hivyo kijana hakukubali kusema kwamba mashine imepona. Alimwambia mjomba wake apite mahali penye mawimbi safari tatu, moja kati ya hizo akiwa na shehena, na aandike. Ugonjwa unaokuja na kuondoka hauhesabiwi kuwa umeondoka kwa sababu ya siku moja njema. Siku njema ulikuwa nazo tangu mwanzo. Safari tatu zikapita bila kikohozi. Juma lililofuata nahodha alimpeleka binti yake mjini kabla ya siku zake, mama mtu akiwa ameketi pembeni yake, na fedha za hospitali zikiwa kamili katika mkoba. Walipofika penye mawimbi, wote watatu walinyamaza wakisikiliza. Mashine ikaendelea kwa sauti moja.

DALILI NA MAHALI PA KUANZIA

Si kila kikohozi hutokana na waya. Yafuatayo ni mambo yanayotokea mara nyingi, na njia ya kuyajaribu kabla ya kununua chochote.

1. Mashine huenda vizuri dakika kadhaa, hulegea polepole, na ikipumzishwa hurudi. Atazame hewa ya tangi, mpira wa mafuta uliobonyea au wenye ufa, na kichujio kilichoziba. Kipira cha mkono kikibanwa na nguvu ikarudi, ugonjwa uko upande wa mafuta.

2. Kikohozi kimeanza baada ya kutia petroli ya pipa jipya. Achukue petroli kidogo kutoka chini ya tangi au kwenye bakuli la kabureta, aitie katika chupa nyeupe, aiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini yakionekana kama matone au tabaka lililo peke yake.

3. Mashine hukohoa asubuhi yenye umande au baada ya mvua, kisha hupona inapokauka. Atazame kofia za plagi na waya zake nene. Gizani, umeme unaotoroka huonekana kama mwanga mdogo wa buluu, na husikika ukigonga tiki-tiki. Atazame bila kugusa.

4. Mashine hukohoa ikipata joto kweli, hata penye utulivu, na hupona ikipoa. Hapo koili yaweza kushukiwa kwa haki, kwa maana nyufa zilizomo ndani yake hupanuka kwa joto. Lakini kwanza ihamishwe mahali pa mwenzake, kama ilivyoelezwa.

5. Silinda zote hukata kwa pamoja na kurudi kwa pamoja. Mkosa ni kitu kinachotumiwa na silinda zote, kama vile swichi ya kuzimia, ambayo baharini hupata kutu upesi, au waya wake.

6. Silinda moja ni dhaifu wakati wote, na haibadiliki. Huu si ugonjwa wa kuja na kuondoka. Huenda pistoni au pete zake zimelika, na hapo hapana budi aitwe fundi mwenye kipimo cha mbano.

Jambo moja zaidi kwa mashine za mipigo miwili: oili huchanganywa na petroli kwa kipimo, si kwa kukisia. Mashine nyingi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 katika lita 20. Lakini kitabu cha mashine yenyewe ndicho cha kufuatwa. Oili ikizidi, plagi hupiga weusi na mashine ikakohoa. Ikipungua, pistoni huungua, na hasara hiyo haitibiki kwa utepe.

FUNGU LA WENYE MAGARI

Dereva wa Land Rover ya zamani ya petroli, yenye kofia ya kugawia umeme, na afuate njia hiyo hiyo. Atazame ufa na unyevu ndani ya kofia, pointi zilizoungua, na kondensa. Waya mnene ukishukiwa, ubadilishwe mahali na mwenzake wenye urefu wa kutosha, kila waya ukiendelea kuhudumia silinda inayostahili kwa zamu yake.

Magari mapya yana kompyuta inayohesabu vikohozi vyenyewe. Silinda ikikosa kuwaka, mhimili wa injini hupunguza mwendo kwa muda mfupi sana, na kompyuta huona. Katika Marekani mtindo mmoja wa kusoma habari hizo ulilazimishwa kwa magari ya mwaka 1996 na baadaye, na sasa umeenea duniani. Fundi akichomeka kifaa chake huona alama: P0300 ni kikohozi kisicho na silinda maalumu, P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, na kuendelea. Lakini dereva asidanganyike. Alama hiyo humtaja mgonjwa, haiutaji ugonjwa. P0302 haisemi "nunua koili". Yasema silinda ya 2 haiwaki vizuri. Koili yake ihamishiwe silinda ya 3. Alama ikigeuka kuwa P0303, koili ni mbovu. Ikibaki P0302, mkosa ni mwingine. Na taa ya injini ikianza kumeta-meta, gari lipunguziwe mwendo na kusimamishwa mapema, kwani petroli isiyochomwa huingia katika chombo cha kusafishia moshi na kukiunguza.

TAHADHARI

Mashine isifunguliwe kifuniko chombo kikiwa kinakwenda kwa kasi. Kikoi, shuka, buibui au mkono wa kanzu ukishikwa na gurudumu linalozunguka, haurudi peke yake. Cheche isijaribiwe karibu na tundu la plagi lililo wazi, maana mvuke wa petroli hutoka hapo, na moto haukawii. Waya za plagi zisiguswe kwa mkono injini ikiwaka, wala mashine za kisasa zisiendeshwe waya wa plagi ukiwa umening'inia bila kugusa chuma, kwa kuwa umeme usio na njia huweza kuharibu vifaa vyake. Tena mtu asiende peke yake kuijaribu mashine mgonjwa. Achukue mwenzake, tanga au makasia, nanga, na maji ya kunywa.

Kwa muhtasari, mwenye mashine inayokatakata na awe na daftari kabla ya kuwa na spana. Aandike siku, mahali, kasi, hali ya hewa, na alichokuwa amebeba. Awaulize wanaopanda pamoja naye, wakiwamo wake na watoto, kwa sababu huenda wamesikia asichokisikia yeye. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ajaribu. Akibadili vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hatajua kilichoiponya, na fedha za vitu viwili zitakuwa zimekwenda bure. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Na dukani kwa muuza vipuri, haraka ina bei.

Juma lijalo: namna ya kuhifadhi betri isife wakati chombo au gari limekaa bila kazi.